Kadi Arobaini na Moja za Jicho la Upepo

Mchana ule jengo zima la kamusi lilikuwa limelala, na mtu pekee aliyelipwa ili awe macho ndiye aliyekuwa ameyafumba.

Alikuwa mpelelezi mstaafu wa polisi, mwanamke wa miaka sitini na ushei, ambaye sasa alifanya kazi zake mwenyewe. Wenzake wa zamani walimbandika jina la Bi. Sinzia, kwa sababu kila alipoelezwa jambo alifumba macho, akalegeza mabega na kupumua polepole kama mtu aliyeshiba. Wengi waliohojiwa walidhani amelala. Wakaongea kupita kiasi, na baadhi yao walikuwa bado wanatumikia vifungo.

Mhariri Mkuu, bwana mrefu wa suti ya kijivu, alisimama mlangoni akimtazama na kujuta. Alikuwa amempigia simu saa nne asubuhi. Sasa ilikuwa saa saba na nusu, nje mvua nyepesi ilinyesha bila haraka yoyote, na mtaalamu wake alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha marehemu.

Hata hivyo alimweleza. Nyumba yao ilikuwa ikitunga kamusi kubwa ya asili ya maneno ya Kiingereza, kwa Kiswahili: neno limetoka lugha gani, na huko nako lilifikaje. Kazi imechukua miaka thelathini. Kila neno lina droo yake, na ndani ya droo mna kadi, na kila kadi ina hatua moja ya safari ya neno hilo. Kesho asubuhi droo za mwisho zinakwenda kwa mpiga chapa. Lakini droo ya neno "window", yaani dirisha, ilikutwa tupu. Kadi arobaini na moja zimetoweka.

Mwandishi wa kadi hizo, mzee waliyemwita Babu Kadi, alifariki wiki tatu zilizopita, kitandani kwake, usingizini. Kifo hicho hakikuwa na fumbo. Baada ya mazishi ufunguo wa chumba chake ulibaki kwa mtu mmoja tu: fundi wa kujalidi vitabu aliyeko ghorofa ya chini, Mama Gundi, mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Aliulizwa, akanyamaza. Aliulizwa tena mbele ya watu, akaomba ruhusa ya kurudi kwenye kazi yake. Saa kumi kamili ataitwa ofisini kwa mara ya mwisho. Asiposema kadi ziko wapi, atafukuzwa na kukabidhiwa polisi.

"Atakuwa amezichoma," alisema Mhariri Mkuu. "Au amewapa washindani wetu."

Bi. Sinzia aliuliza kama alimwona akichoma. Hapana. Alimwona akiwapa washindani? Hapana, hakumwona.

"Sasa wewe umeona nini?"

"Droo tupu."

"Vizuri. Tutaanzia hapo."

Mhariri Mkuu aliona haya kidogo, maana swali hilo lilikuwa swali la nyumba yake mwenyewe. Ukutani, ndani ya fremu nyeusi, palikuwa na kanuni iliyotundikwa kila chumba cha jengo lile: *Aandike aliyeona.* Alieleza kwamba hakuna kadi inayoingia kwenye kamusi kwa kumbukumbu au kwa kusikia. Lazima kitabu cha zamani kiwe kimefunguliwa na ukurasa uwe umetazamwa. Chini ya kila kadi huandikwa neno moja, *Nimeona*, kisha herufi za jina. Kadi isiyo na neno hilo hutupwa. Mwaka jana mwandishi mmoja, mwanamama mwenye sifa zake, aligundulika ameandika mia sita kwa kumbukumbu. Zilitupwa zote, halafu kila alichowahi kuandika tangu aajiriwe kikafukuliwa upya. Alifunga kikombe chake kwenye gazeti, akaondoka bila kuaga.

"Kanuni kali," alisema Bi. Sinzia.

"Aliitunga Babu Kadi mwenyewe. Mimi ni mwanafunzi wake tu."

Alisema hayo kwa fahari, halafu uso ukamsinyaa kidogo, akaondoka.

*

Bi. Sinzia hakuanza na Mama Gundi. Mtu aliyekwisha kunyamaza mara mbili hafai kuharakishwa. Alikwenda kwanza chumba cha jirani, kwa Mhariri Msaidizi, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Bwana Mkato, kwa kuwa hakuweza kupitisha sentensi ya mtu bila kuichomekea alama hiyo mahali.

Bwana Mkato alimwamkia kwa adabu, akamvutia kiti, akaanza kutoa jasho. Mpelelezi alimwomba afungue mtoto wa meza. Chini ya bahasha na peni zilizokwisha wino palikuwa na kadi kumi na moja zilizofungwa kwa mpira. Ya juu iliandikwa "window".

"Hizi si zile, mama," alisema Bwana Mkato. "Naomba uniamini."

Bi. Sinzia hakuwa na mazoea ya kuamini, ila alikuwa na mazoea ya kusoma. Alizipitia moja moja. Mwandiko ulikuwa mdogo kama mchele, kila mstari una mikato mitatu, na tarehe zote zilikuwa za miaka miwili nyuma. Aliyeziandika alikuwa Bwana Mkato mwenyewe, na hazikuhusu hata safari yenyewe ya neno. Zilihusu neno jingine la kale, "eagthyrl", tundu la jicho, ambalo Waingereza walilitumia kwa dirisha kabla ya kulipata hili la sasa, kisha likafa. Bwana Mkato alikiri kwamba alilolitamani ni neno "window" lenyewe. Aliomba apewe, akanyimwa, likaenda kwa Babu Kadi. Basi akawa anakusanya ya pembeni, kama mtu aliyekosa mchumba akabaki na picha ya dada yake.

Mpelelezi alimrudishia kadi zake na kumuuliza kazi yao hufanywa vipi. Hapo jasho lilimkauka. Akasema ni kama kumhoji mtu aliyekamatwa na simu ya wizi: hii umeipata kwa nani? Ukimfikia huyo wa pili unamuuliza vilevile, na wa tatu naye, mpaka umfikie mwenye mali. Huanzi kwa mwenye mali hata siku moja. Unaanza na neno lilivyo leo mdomoni mwa watu na kurudi kinyumenyume. Mwishoni kabisa unafika kwenye lugha ya kale mno ambayo haikuandikwa popote. Maneno ya huko wataalamu huyakisia kwa kulinganisha wajukuu zake, na mbele ya kila moja huweka alama ya nyota, ili msomaji ajue kwamba hakuna aliyewahi kuliona.

"Na Babu Kadi mlikuwa mnaelewana?"

Bwana Mkato alionyesha ukucha wa kidole cha shahada, ulioota upya umepinda. Miezi minne iliyopita aliingia kwa mzee bila kubisha, akakuta droo ya "window" iko wazi. Akasogea kuchungulia. Mzee akageuza kichwa, akamtegea sikio badala ya kumtazama, akaita, "Mama Gundi?" Alipojibu kwamba ni yeye, mzee aliisukuma droo kwa nguvu, ikambana kidole.

"Alikuwa na majivuno mwishoni," alisema Bwana Mkato. "Unapishana naye koridoni, usipomsalimia wewe, anapita kama hakujui."

Bi. Sinzia aliyafumbua macho yake, akayafumba tena, akashukuru kwa maelezo.

*

Alirudi kwenye chumba cha marehemu, akafunga mlango nyuma yake. Alianza kazi yake ya zamani, ile ambayo haina maneno.

Kwenye zulia, katikati ya chumba, chini ya taa ya dari, palikuwa na vishimo vinne vya miguu ya meza. Meza yenyewe haikuwepo hapo. Ilikuwa imesogezwa hadi chini ya dirisha, hatua sita mbali na taa. Aliinua kichwa: taa haikuwa na balbu, na soketi imejaa vumbi. Kidau cha wino mezani kilikuwa kimekauka, wino umepasuka ndani yake vipande vipande. Kwenye pembe ya ndani kabisa ya mtoto wa meza alikuta kioo cha kukuzia maandishi, kimefungwa kwenye leso, na leso nayo imefungwa fundo, kama kitu ambacho mwenyewe hakutaka kukigusa tena hata kwa bahati mbaya.

Viti vilikuwa viwili. Alichokalia yeye mwanzo kilikuwa cha mzee. Cha pili kilisogezwa karibu mno, mkono kwa mkono, na juu ya mkono wake palikuwa na madoa meupe magumu. Aliyakwangua kwa ukucha, akayanusa. Gundi ya unga.

Halafu aliiona kamba. Ilikuwa uzi mwembamba wa kitani, ule wa kushonea vitabu, umefungwa kwenye kitasa cha mlango, ukapita ukutani usawa wa kiuno hadi kwenye kabati la droo, na kutoka hapo hadi kitini. Kadi mbili tatu zilikuwa zimening'inizwa juu yake, kana kwamba zinakaushwa. Kadi hizo zilikuwa tupu.

Alisimama mlangoni, akafumba macho, akaugusa uzi kwa vidole viwili. Akatembea. Uzi ulimpeleka polepole hadi kwenye kabati, ukampitisha pembeni bila kumgonga, ukamfikisha kwenye kiti cha mzee. Akaketi bila kufumbua macho. Mvua aliisikia ikianzia juu ya mabati, ikateremka kwenye majani, ikafika kwenye lami ya uani, kila mahali kwa sauti yake. Kisha upepo uliingia dirishani, ukampitia usoni, ukaondoka. Alikaa hivyo kwa muda ambao hata yeye hakuupima, na ilimjia huzuni ya mtu asiyemfahamu.

Alipoinuka alivuta droo iliyo kabla ya ile tupu. Ilikuwa ya neno "wind", upepo. Alizipanga kadi zake mezani kwa tarehe. Kwenye ya kwanza, neno *Nimeona* lilikuwa na ukubwa wa kawaida. Kwenye ya kumi lilikuwa kubwa zaidi. Kufika ya ishirini lilichukua nusu ya kadi, limepanda mlima, limeuacha mstari. Ya mwisho ilikuwa ya miezi tisa iliyopita, na mzee alikuwa ameandika *Nimeona* juu ya maandishi yake mwenyewe bila kujua.

Basi Babu Kadi alikuwa haoni. Alilificha jambo hilo miezi tisa mizima, kwa hesabu ya hatua na kwa uzi, na jengo zima likamwita mwenye majivuno. Na kama alikuwa haoni, kadi arobaini na moja ziliandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Bi. Sinzia aliitazama kanuni ukutani kwa muda mrefu kuliko vitu vyote alivyovitazama siku hiyo.

*

Karakana ya kujalidi ilikuwa na harufu ya unga uliopikwa na ngozi ya zamani. Mama Gundi, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, mwenye aproni ya turubai na vidole vilivyochanikachanika kwa uzi, alikuwa akisonga gundi kwenye sufuria ndogo. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Bi. Sinzia alikaa juu ya mzigo wa karatasi, akafumba macho.

"Sikuja kukuuliza kadi ziko wapi, dada yangu."

"Kumbe umekuja kuuliza nini?"

"Neno 'window' limetoka wapi?"

Mwiko uliacha kuzunguka. Mama Gundi aliinamia sufuria, na kwa muda ilionekana atanyamaza kwa mara ya tatu. Lakini lile lilikuwa swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, na jibu lake lilikuwa limemjaa kifuani wiki tatu.

Alianza na neno lilivyo leo, akarudi nyuma, bila kadi wala kitabu. Alisema miaka mia nane iliyopita Waingereza walikuwa wakiliandika "windoge", na kwamba wao hawakulizaa, walilipokea. Walilipokea kwa watu wa kaskazini, waliovuka bahari baridi kwa merikebu, wakapigana nao, kisha wakakaa nao, wakaoana, wakachanganya maneno kama majirani wanavyochanganya vyombo. Kwa watu hao neno lilikuwa "vindauga". "Vindr" ni upepo. "Auga" ni jicho. Nyumba zao hazikuwa na vioo. Walitoboa tundu ili moshi utoke na mwanga uingie, na kwa kuwa kilichopita hapo kila siku kilikuwa upepo, wakaliita jicho lake. Neno la wenyeji, tundu la jicho, likasahaulika. Neno la Kilatini nalo, "fenestra", liliwahi kuingia Kiingereza likakaa miaka mingi, nalo likashindwa. Jicho la upepo likabaki, na leo watu hulitamka mchana kutwa bila kujua wanasema nini. Akaongeza kwamba nasi dirisha letu tumelipata kwa Waajemi, kwao ni mlango mdogo, na kwamba Babu alilicheka sana hilo. Babu alikuwa akisema kila kabila hutoboa ukuta uleule, kisha huona jambo lake.

Alipofika kwenye maneno ya nyota alinyamaza, kama mtu aliyefika mwisho wa barabara.

"Nani alikufundisha haya yote?"

"Babu alinifundisha kuuliza. Vitabu ndivyo vilivyojibu." Aliinua mwiko, akautazama. "Mimi nimeishia darasa la saba, mama. Hizo lugha sizijui. Alikuwa ananiambia kitabu cha rangi gani, rafu ya ngapi, ukurasa gani. Namsomea herufi moja moja, mpaka yeye aseme, hapo, hapo simama. Baadaye nikawa nasimama mwenyewe."

Ilikuwa presha ya macho, alieleza. Ilianza na taa kuwa na pete, ikaisha na giza. Mzee alimwambia yeye peke yake, kwa sababu yeye alikuwa na uzi, na mzee alihitaji kamba. Kila adhuhuri, wenzao wakiwa wamekwenda kula, walikaa wote wawili dirishani.

"Na chini ya kadi mliandika nini?"

Mama Gundi aligeuza uso.

"*Nimesomewa*. Nilimwambia, Babu, tuandike tu nimeona, nani atajua? Akasema, nitajua mimi."

Hapo Bi. Sinzia aliipata kesi yote. Kwa kanuni ya nyumba ile, kadi arobaini na moja zenye neno hilo zilikuwa takataka, na mwandishi aliyezileta angefukuliwa, kadi kwa kadi, miaka thelathini nyuma. Mama Gundi alimwona yule mwanamama akifunga kikombe chake kwenye gazeti. Aliposikia droo zinakusanywa, alipanda ngazi, akazitoa. Alikuwa tayari kufukuzwa kama mwizi kuliko mzee wake kuitwa mwongo kaburini.

Kilichobaki ni mahali zilipo, na hilo lilikuwa mbele ya macho. Kwenye kona palikuwa na kibanio cha chuma, kile kinachokazwa kwa skrubu juu ya kitabu kipya.

"Wiki hii una kitabu cha kujalidi?"

"Sina. Wameacha kuniletea kazi."

"Mbona kibanio kimekazwa?"

Mama Gundi alifuta mikono kwenye aproni, akaenda kuilegeza skrubu. Kilichotoka kilikuwa kitabu kidogo cha jalada la kitambaa cha kijani, kisicho na jina. Kadi zilishonwa ukingoni, na sindano haikugusa hata herufi moja. Kosa lake lilikuwa kosa la fundi. Mtu mwingine angezitia kwenye mkoba siku ileile na kupita nazo getini. Yeye hakuweza kuondoka na kadi za Babu zikiwa zimelegea hovyo. Alizipanga, akazishona, akazitia jalada, akangoja gundi ikauke, na gundi hukauka kwa wakati wake.

Bi. Sinzia alifungua. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyejifunza herufi kwa kuzionea huruma, kila moja imesimama peke yake. *Nimesomewa. Nimesomewa.* Alifika kadi ya mwisho, akaitazama kwa muda mrefu, macho yakiwa wazi kabisa. Kisha alikifunga kitabu taratibu.

"Twende juu," alisema. "Bado dakika kumi."

*

Ofisini walikuwa wanne: Mhariri Mkuu nyuma ya meza, Bwana Mkato na daftari la kumbukumbu za kikao, Mama Gundi amesimama kwa kuwa hakuambiwa akae, na Bi. Sinzia ambaye alijikaribisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Kitabu cha kijani kiliwekwa mezani. Mpelelezi alieleza alichokikuta, kuanzia vishimo vya zulia hadi uzi wa kitani, kwa sauti ya mtu anayeelekea kulala.

Mhariri Mkuu alisikiliza bila kumkatiza. Uzi ulipotajwa alishika ukingo wa meza.

"Miezi tisa," alisema. "Nilimpita koridoni kila asubuhi. Nilidhani amenikasirikia kwa sababu nilipewa mimi cheo."

Ilionekana wazi kwamba limemuuma. Lakini alikuwa mtu wa kanuni, tena kanuni ya mzee huyohuyo, na alipofungua kitabu na kusoma neno chini ya kadi ya kwanza, sauti yake ilirudi kuwa ya ofisi. Alisema anasikitika. Alisema mwandishi hakuona, na mwandishi mwenyewe amekiri kwa maandishi. Kadi hazifai, na utaratibu wa kufukua za nyuma itabidi ufuate. Mama Gundi alianza kufungua aproni. Alikuwa amepoteza vyote viwili, kazi na jina la mzee wake.

Bwana Mkato alikohoa. Alisema, akitazama daftari, kwamba kwenye makabati mna kadi za maneno ya nyota zaidi ya mia nne, na hakuna mtu duniani aliyeyaona. Mhariri Mkuu alijibu kwamba nyota hukiri wazi kuwa neno halikuonekana. Bwana Mkato akasema, kwa woga, kwamba hizi nazo zimekiri wazi. Mhariri Mkuu alimwambia aandike kumbukumbu.

Bi. Sinzia alikuwa amefumba macho.

"Mama Gundi. Hivyo vitabu, nani aliviona?"

"Mimi."

"Ukurasa kwa ukurasa?"

"Herufi kwa herufi."

"Basi mimi sielewi," alisema Bi. Sinzia. "Kanuni yenu nimeisoma mchana kutwa. Inasema aandike aliyeona. Haisemi awe na shahada, wala haisemi akae ghorofa gani."

Mhariri Mkuu aliinuka. Hakwenda kwenye fremu ukutani, maana kanuni aliijua. Alikwenda kwenye rafu. Alisoma namba ya kitabu kwenye kadi ya kumi na saba, akakishusha kitabu chenyewe, akafungua ukurasa, akaweka kidole. Akalinganisha. Akashusha kitabu cha kadi ya tisa, kisha cha thelathini na mbili. Kila mara alipiga hatua polepole zaidi, na kila mara herufi zilikuwa zilezile, pamoja na zile alama ndogo za juu ambazo wenye shahada huzisahau.

Alirudi mezani, akatoa kalamu mfukoni mwa koti, akaigeuza upande wa kushikia, akamnyooshea Mama Gundi. Kisha akakumbuka, akamvutia kiti.

Mama Gundi alikaa. Hakufuta neno la Babu popote. Chini ya kila *Nimesomewa* aliandika *Nimeona*, na herufi zake mbili. Alifanya hivyo mara arobaini, bila haraka, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipofika ya arobaini na moja aliweka kalamu chini, akamsogezea Mhariri Mkuu kitabu.

Kadi ile haikuandikwa kwa mwandiko wake. Herufi zilikuwa kubwa, zimelaliana, nyingine zimetoka nje ya karatasi zikakatikia ukingoni. *Jicho la upepo. Dirishani kwangu, adhuhuri, upepo ukiingia. Nimeona.*

"Hii aliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mimi nilimshikia kadi tu, isikimbie."

"Lakini alikuwa haoni."

"Alikuwa haoni," alikubali Mama Gundi. "Siku hiyo alisema ameona."

Mhariri Mkuu alimgeukia mpelelezi kama anayetafuta msaada. Bi. Sinzia alijua swali linamjia yeye, na kwa sababu hiyohiyo akaendelea kulala. Bwana wa suti ya kijivu aliinamia kadi ya mwalimu wake, akaisoma mara ya pili, na ya tatu. Hakusema inafaa wala haifai. Alitoa leso, akajifuta macho bila kujificha, akakifunga kitabu cha kijani na kukiweka juu ya mizigo ya mpiga chapa.

Halafu alivuta karatasi ya majina ya waandishi, ile inayochapwa mwanzoni mwa kamusi. Alilitafuta jina la mzee, akaweka kidole chini yake, pale palipobaki nafasi. Kalamu ikasimama. Aliwaza, akamtazama Bwana Mkato, na Bwana Mkato naye akatazama daftari lake, ambamo kuanzia mwanzo hadi mwisho aliandika Mama Gundi, Mama Gundi, na mkato kila baada yake.

"Samahani, mama," alisema Mhariri Mkuu, baada ya miaka ishirini na miwili. "Jina lako kamili ni nani?"

Akamtajia. Mhariri Mkuu alimwomba alirudie polepole, akaliandika.